Swali la Kumi na Nne

Tarehe 4 Februari

Kwa mdogo wangu, Bi Kwanini,

Huku hatujambo. Watoto wanakula kama walioambiwa kesho chakula kinapigwa marufuku, na wifi yako anakusalimu. Baada ya salamu hizo, madhumuni ya barua hii ni kulalamika. Najua utasema si ungepiga simu tu. Kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo, wewe umeshauliza "kwa nini?" mara tatu, ndiyo maana jina hilo halijakutoka tangu utotoni. Karatasi haimkatizi mtu.

Nimefeli.

Ile sheria mpya umeisikia: kuanzia mwezi wa saba, asiye na cheti haruhusiwi kugusa lifti, hata kuipaka mafuta. Mimi niliyeingia jengo hili lifti zake zikiwa bado ndani ya maboksi ya mbao, naambiwa nikakae darasani na penseli nizungushie herufi. Nikaenda. Nilivaa hata lile shati la harusini. Nikapata arobaini na nane, na pasi ni hamsini. Kila swali lina alama mbili. Kwa hiyo swali moja tu, ndugu yangu, swali moja lilininyima cheti.

Na swali lenyewe nalijua, maana majibu walibandika ukutani. Ni la kumi na nne. Siku hizi nalikariri hata nikiwa naoga:

"Lifti yenye abiria imekwama kati ya ghorofa mbili. Hatua ya kwanza ya fundi ni ipi? A: Kukata umeme kwenye swichi kuu. B: Kuzungumza na abiria. C: Kukagua breki. D: Kufungua mlango."

Nikachagua B bila hata kufikiri. Wao wanasema A.

Huyo aliyetunga swali hili hajawahi kukwama hata chooni. Namwona kabisa: amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, feni inampepea, anajiona mtaalamu. Hajawahi kusikia mtu mzima akilia nyuma ya mlango wa chuma. Mtu akikwama humo hataki swichi, anataka sauti. Anataka kujua kwamba kuna binadamu anayejua yuko pale. Mimi huanza hivyo, na hakuna aliyewahi kuzimia mikononi mwangu.

Kampuni haikutaka kusubiri mwezi wa saba. Wameshaleta msichana kutoka chuoni, ana cheti, ana kofia isiyo na mkwaruzo hata mmoja, na kufuli jekundu linaning'inia kwenye mkanda wake kama hirizi. Namwita Binti Cheti. Mimi kwa sasa kazi yangu ni kumshikia tochi.

Marudio ni mwezi wa sita. Wewe unafundisha umeme chuoni, nitumie chochote cha kusoma. Na kama unamfahamu mtu yeyote kwenye hiyo Bodi ya mitihani, mpe salamu zangu, zile kavu.

Kaka yako


Tarehe 13 Februari

Shikamoo kaka,

Pole sana. Nimeisoma barua yako nikakuona na lile shati la harusini, nikacheka, halafu nikaona vibaya kwa kucheka, halafu nikacheka tena.

Nakutumia madaftari mawili na kitabu kimoja. Kurasa nilizokunja ndizo za kuanza nazo.

Kuhusu lile swali, nadhani unalionea. Hebu litazame upya. Umeme usipokatwa, mashine inaweza kuondoka wakati wowote, na aliyeikaribia akaumia, na waliomo ndani wakaumia. Kukata kwanza si ukatili, ndiyo huruma yenyewe. Tena ukisoma vizuri limeandikwa "hatua ya fundi", halikusema hatua ya jirani mwema. Kila neno pale limewekwa kwa sababu. Na machaguo yamepangwa kwa uangalifu, ili anayejua kanuni atofautiane na anayekwenda kwa mazoea. Sidhani aliyelitunga alikuwa na feni.

Rafiki yangu mmoja anawafahamu watu wa Bodi. Anasema ni watu wa kawaida tu, wengine wazuri kabisa.

Wasalimie wote. Mwambie wifi kitambaa nimekipata, kizuri mno.

Mdogo wako


Tarehe 25 Februari

Bi Kwanini,

Vitabu vimefika. Wifi yako ndiye mwalimu wangu. Yeye anakata vitunguu huku ananiuliza maswali, nikikosea ananinyooshea kisu. Nimejifunza kwamba ile breki niliyokuwa naiita "ile mikono miwili" ina jina refu kuliko langu na la baba kwa pamoja.

Lakini kwenye la kumi na nne sisogei hata inchi. Sikiliza yaliyotokea Jumanne.

Lifti ya kushoto imekwama juu ya ghorofa ya tano. Ndani yumo bibi mmoja aliyekuja kwa daktari wa meno, na kijana wa kampuni ya bima. Binti Cheti akapanda mbio, akakata umeme, akafunga kufuli lake kwenye swichi asiiwashe mtu, safi kabisa, kama kitabu. Kisha akashuka mlangoni, akatoa kadi mfukoni akaanza kuwasomea: "Ndugu abiria, mnaombwa kuwa watulivu. Msijaribu kufungua mlango. Hewa iliyomo inatosha."

Hewa inatosha! Bibi wa watu hakuwa hata ameiwazia hewa. Alipoisikia tu akapiga ukelele, "Kumbe kuna hewa ya kuisha humu!" Na yule wa bima, mtu mzima, akaanza kumwita mama yake.

Nikamsogeza binti kwa upole. Nikagonga mlango nikasema, "Mama, mimi ni fundi. Jino gani linauma?" Akanyamaza. Akasema, la nyuma, kulia. Nikamwambia hata mimi ni hilohilo, na yule daktari mkono wake mwepesi, usimwogope. Basi tukaendelea na meno, kijana wa bima naye akaanza kueleza la kwake, na huku binti, aliyerudi juu chumba cha mashine, anazungusha taratibu gurudumu la kushushia lifti kwa mkono hadi wakafika sakafuni. Bibi alitoka anacheka. Jino lilikuwa halimuumi tena, alitaka kurudi nyumbani.

Sasa niambie, mtihani gani unapima hilo? Kwenye karatasi binti ana themanini na sita.

Nikuambie na jingine: ulivyolitetea lile swali, mtu angedhani umelipwa.

Kaka yako


Tarehe 6 Machi

Shikamoo kaka,

Nimemsomea rafiki yangu kisa cha meno, amecheka hadi machozi. Ni kweli, hilo hatulipimi. Nilitaka kusema Bodi hailipimi.

Ila nina swali moja, usinikasirikie. Huwa unazungumza nao kwanza, sawa. Ukishazungumza nao, wewe mwenyewe, ukiwa peke yako kule juu, huwa unakata umeme? Kila mara?

Naandika kwa haraka, nina kikao.

Mdogo wako


Tarehe 21 Machi

Mdogo wangu,

Samahani kwa mwandiko. Nimejikata mkono wa kulia na kopo la maziwa, kwa hiyo naandika kwa wa kushoto, nao haukupelekwa shule. Si kitu kikubwa. Kusoma nasoma. Mvua zimeanza.

Kaka


Tarehe 24 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hakuna msiba. Nina mambo mawili, na yote mawili kaka yako hajui kama nakuandikia.

La kwanza. Hakuna kopo la maziwa. Sisi maziwa tunanunua ya pakiti, mwaka wa ngapi huu. Hata mimi alinidanganya hivyohivyo, akasahau kwamba jikoni ni kwangu. Ukweli nimeupata kwa yule msichana mwenye kufuli, alipokuja kumjulia hali na mfuko wa machungwa. Alidhani najua.

Ilikuwa hivi. Umeme ulikatika mtaa mzima, na lifti ikasimama na watu wawili ndani. Kaka yako akapita mlangoni, akawatuliza kama kawaida yake, halafu akapanda chumba cha mashine. Haruhusiwi, lakini miguu yake haijasoma sheria. Akashika gurudumu kwa mkono ili awashushe. Msichana akaingia akamwambia, "Mzee, subiri nikate swichi." Akamjibu, "Mtaa mzima hauna umeme, binti. Unataka nikate upi?"

Msichana hakubishana. Alivuta swichi chini, akatia kufuli. Anasema hata ufunguo hakuwa ameuchomoa, taa ya chumba ikawaka. Umeme umerudi.

Kaka yako alikuwa bado ameshika gurudumu. Wifi, mimi mashine ninayoijua ni cherehani tu, lakini hata mimi najua mkono ukiwa pale pasipostahili, na mota ikaondoka, kinachofuata si cha kusimulia. Alipoiona ile taa aliuvuta mkono kwa hofu mpaka ukapasuka kwenye ukingo wa bati. Ndiyo jeraha lenyewe. Kashonwa nyuzi kadhaa. Nimezikagua, hazijanyooka, ila zitashika.

Siku mbili tatu alikuwa anauangalia ule mkono kama mgeni aliyefika bila taarifa. Sasa amerudi kwenye utani, lakini likitajwa la kumi na nne anatoka nje kwenda kuangalia mvua. Nimempa muda akuandikie mwenyewe. Asipoandika, nitakuwa nimeshaandika mimi.

La pili ni lako. Swali lile ni la kwako, au siyo?

Usiniulize nimejuaje. Mimi nikishonea mtu gauni, halafu mwingine aseme mikono imepinda, najua jinsi damu inavyonipanda. Barua yako ya Februari ilikuwa imepanda damu hivyohivyo. "Kila neno limewekwa kwa sababu." Kaka yako hajashtuka. Kwenye lifti yuko macho, kwenye barua amelala.

Mwambie. Atakuchekea mwaka mzima, lakini mwambie. Nimechoka kuishi na watu wawili wanaofichana mambo ambayo mimi nayajua yote.

Wifi yako


Tarehe 2 Aprili

Shikamoo kaka,

Vuta kiti kwanza.

Yule mtu wa kiti cha kuzunguka ni mimi.

Mwaka wa pili huu niko kwenye jopo la kutunga mitihani ya Bodi. Haturuhusiwi kutangaza, na hicho ndicho kisingizio changu. Ukweli ni kwamba ulipoandika hajawahi kukwama hata chooni, niliona aibu, halafu nikakasirika, halafu nikajificha nyuma ya rafiki ambaye hayupo. La kumi na nne nililitunga mimi, nyumbani, mezani, huku nasubiri nguo zikauke. Feni sina. Nililipenda sana. Nililisoma mara nyingi jinsi mtu anavyojitazama kwenye kioo.

Kaka, sasa sikiliza yaliyonikuta Alhamisi iliyopita, maana nikikaa nayo nitapasuka.

Jopo zima tulikuwa tunakwenda kwenye kikao, ghorofa ya saba. Tukaingia lifti pamoja: Mwenyekiti wetu mwenye tumbo na suti, yule mzee wa takwimu anayetuhesabia alama, mimi, na wengine watatu. Watunga mitihani ya lifti watupu. Ikapanda, ikatikisika, ikasimama.

Mwenyekiti akasema, "Msiwe na wasiwasi, mimi ni mtaalamu," akabonyeza vitufe vyote, kuanzia juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza kengele. Tukasubiri. Tukasikia hatua za mtu zikipita juu, haraka, bila neno. Mzee wa takwimu akanong'ona, "Fundi amefika."

Na hapo ndipo taa ikazimika. Giza totoro, kaka. Feni ndogo ya darini nayo ikanyamaza. Mtu akasema "Tunaanguka!", na mtu huyo alikuwa Mwenyekiti, na mkono ulionishika bega ukataka kuling'oa ulikuwa wake. Ndipo mzee wa takwimu, katika giza lile, akasema kwa sauti ya mtu anayesahihisha karatasi: "Hapana. Yuko kwenye hatua A."

Fundi alifanya sawasawa nilivyoandika. Neno kwa neno. Alikata umeme kwanza, na taa ya humo ndani, ambayo ilipaswa kuwa na betri yake, betri ilikuwa imekufa. Hakutuambia kitu. Nami niliyeandika jibu, ninayejua kila sababu ya lile jibu, nilisimama pale nimejibana ukutani kwa hofu, kwa sababu hakuna aliyesema hata "hodi". Nilikuwa najua kila kitu na hakikunisaidia chochote.

Basi nikafanya kama wewe. Nikamwuliza Mwenyekiti ana meno mangapi ya bandia. Alikasirika sana, na hasira ikamwondolea hofu. Mpaka tunafikishwa sakafuni alikuwa bado anajitetea kwamba yote ni yake.

Tulipoketi kikaoni, mzee wa takwimu akafungua makabrasha yake. Akasema kuna swali moja limemsumbua: mafundi wengi waliokaa kazini miaka mingi wamechagua B, na waliotoka chuoni juzi wamechagua A. "Sasa naomba kuuliza," akasema, "swali hili linapima nani anaelewa, au linapima nani kasoma kitabu gani?" Nikanyoosha mkono nikasema ni langu, na kwamba wewe, yaani mafundi, mna haki.

Nimeshaanza kuandika pendekezo la kulifuta. B ni jibu sahihi, kaka. Nisamehe. Umenyimwa cheti na mdogo wako.

Na ule mkono unaendeleaje? Wifi ameniambia. Usimgombeze. Nimelia, nikamshukuru Mungu, nikamshukuru na huyo binti.

Bi Kwanini


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Mkono umerudi kazini, unaona mwandiko.

Uliniuliza kama huwa nakata umeme kila mara, nami nikakujibu habari za mvua. Jibu ni hapana. Nilikuwa nakata nikikumbuka. Nikiona hakuna haja, sikati. Na kwa miaka yote hiyo niliita hiyo kujua kazi.

Hakuna kopo la maziwa. Umeme ulirudi nikiwa nimeshika gurudumu, na kama si Binti Cheti na kufuli lake, barua hii angekuandikia wifi yako, na isingekuwa ya kuchekesha. Nilimwuliza baadaye, "Ulijuaje kwamba utarudi?" Akasema, "Sikujua, mzee. Ndiyo maana nilifunga."

Nimelitafakari jibu hilo kuliko kitabu chote ulichonitumia. Mimi nilikuwa nakata nikijua kuna hatari. Yeye alifunga kwa sababu hajui. Nilikuwa nikimcheka na kadi yake, kumbe naye amesoma kitu ambacho mimi nilikiona kama mapambo.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako wa Bodi, na yeye amwambie aliyetunga, kwamba la kumi na nne ni swali zuri. Jibu ni A. Nilifeli kwa haki. Mtu huyo simjui, lakini anaijua kazi. Yule wa kiti cha kuzunguka namwomba radhi, na feni impepee tu, anastahili.

Kaka yako


Tarehe 12 Aprili

Wewe!

Barua zetu zimepishana njiani, zikapitana bila hata kusalimiana. Nilisoma yako nimesimama, nikakaa, nikasoma tena, nikamwita wifi yako. Akasema "Ee, najua," akaendelea kushona. Nikamwuliza tangu lini. Akasema tangu Februari. Nyumba hii mimi ndiye mgeni.

Nimecheka hadi mshono ukavuta. Mwenyekiti na meno yake! Nimemsomea Binti Cheti, naye amecheka, kisha akaitoa ile kadi, akauliza kwa aibu kama nadhani afute habari ya hewa. Tumeifuta kwa kalamu nyeusi.

Lakini sasa nisikilize, na usinikatize. Pendekezo lako la kulifuta liondoe haraka. Utawapa mafundi wa aina yangu wote cheti cha kuendelea kushika magurudumu. Unajua tuko wangapi? A ni A. Nakukataza kama kaka mkubwa.

Kaka yako


Tarehe 20 Aprili

Shikamoo kaka,

Yaani miezi miwili umelitukana swali langu, siku ninayokubali umenishinda ndiyo siku unayoanza kulitetea! Huwezi kunikataza. Uliye mtetezi wa B ni wewe, na mimi nimeshawaambia wenzangu kwa mbwembwe zote.

Tumebishana kikaoni vikao viwili. Mmoja akataka A, mmoja B, Mwenyekiti akataka kwanza lifti ya jengo letu itiwe betri. Mwishowe nikawasomea barua zako mbili, ile ya Jumanne ya bibi na ile ya mkono. Sikutaja ni za nani. Nilipomaliza, mzee wa takwimu akavua miwani, akasema, "Huyu mtu mmoja amekosea na kupatia katika jambo lilelile, na karatasi yetu ingempa sifuri mara zote mbili, kwa sababu haina pa kuandika kwa nini."

Basi tumeamua. Karatasi ya herufi inabaki, ila imepunguzwa. Nusu ya pili mtu atasimama mbele ya mashine, na mtahini atamwuliza: utafanya nini, na kwa nini? Akitaja la kwanza, ataulizwa kwa nini si lile jingine. Hakuna herufi ya kuzungushia. Ni ghali na inachosha, na watahini wengine wananuna. Itaanza na marudio ya mwezi wa sita.

Ndiyo sababu barua hii ni ya mwisho kwa sasa. Nimemwambia Mwenyekiti kwamba mmoja wa watahiniwa ni kaka yangu wa tumbo moja. Nimejitoa kwenye mtihani huu: sitaona maswali, sitasahihisha, sitakuwapo. Na sitakuandikia hadi upate matokeo, wala wewe usiniulize kitu. Nikikaa kimya usidhani nimenuna. Ni kimya kigumu kuliko vyote nilivyowahi kunyamaza, muulize yeyote anayenijua.

Soma. Wifi asichoke kunyoosha kisu.

Mdogo wako


Tarehe 30 Juni

Mdogo wangu,

Nimefaulu. Wifi yako alitaka nikupigie simu, nikamwambia wewe utapiga ukelele sikio langu liharibike. Karatasi nimepata sitini na kitu. Wifi yako anasema ziada hiyo ingetosha upindo wa gauni. Sasa acha nikueleze la mashine, maana ndilo ninalotaka kukuambia.

Mtahini wangu alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, ila macho yake hayakuwa yanapepesa. Akanianzishia hilohilo: lifti imekwama, ina watu. Nikamwambia nikifika napita mlangoni, neno moja tu la kuwajulisha nipo na kwamba taa inaweza kuzimika, ila mimi bado nipo. Halafu nakata, nafunga, ufunguo mfukoni kwangu. Halafu ndiyo mengine. Akauliza kwa nini si kukata kwanza. Nikamweleza. Akauliza kwa nini kufunga kama umeme umekatika mtaa mzima. Nikamwonyesha kovu. Akaandika kwa muda mrefu.

Kisha akanipeleka kwenye mashine ya pembeni iliyofunikwa turubai. Akaifunua. Ndugu yangu, sijawahi kuiona. Ndogo, haina gurudumu la kushika, chumba cha mashine haina, inakaa ndani ya shimo la lifti lenyewe. Akasema, "Hii ndiyo imekwama. Umeshazungumza nao, umeshakata, umeshafunga. Sasa?"

Nikaizunguka. Nikainama. Nikajifanya nachunguza boliti. Kichwani nilikuwa natunga uongo mzuri tu, wenye maneno marefu ya kwenye kitabu chako, na ungepita, kwa sababu naijua sauti ya mtu anayejua, nimeitumia miaka mingi.

Nikasema, "Sijui."

Bi Kwanini, sikumbuki kama niliwahi kulitamka neno hilo nikiwa na bisibisi mfukoni. Lilitoka dogo. Yule mama akaweka kalamu chini, akaniuliza, "Na usipojua, unafanya nini?"

"Siigusi. Nabaki mlangoni nazungumza na watu, namwita anayejua."

"Nani?"

"Kuna binti mmoja kazini kwetu," nikasema. "Ana kufuli jekundu."

Alicheka, mara ya kwanza siku nzima. Alama zangu za juu kabisa, nimeziona kwenye cheti, ni za sehemu hiyo.

Jumatatu nilimweleza Binti Cheti. Sasa tunagusa lifti wote wawili, kwa hiyo tochi tunashikiana kwa zamu. Akasema mashine ya namna hiyo ipo jengo jipya la ng'ambo ya barabara, na fundi wa pale alisoma naye. Tukaenda baada ya kazi. Tukakata, tukafunga, makufuli mawili, langu nimenunua la kijani. Tukafungua bati tukakaa sakafuni. Nikamwuliza hili ni nini, akanieleza. Na lile? Akanieleza. Na hiki kidude hapa, kwa nini kimekaa upande huu na si ule?

Akakitazama. Akakitazama tena. Akasema, "Mzee, sijui."

Tukaangaliana, tukaanza kucheka kama watoto waliovunja kitu. Halafu tukalala kifudifudi kando ya kidude hicho, mmoja huku mmoja kule, tunafuata nyaya kwa vidole, yeye anakisia, mimi nakataa, mimi nakisia, yeye anakataa. Mlinzi alipokuja kutuambia anafunga jengo, tulimwomba atuachie kidogo tu, tumekaribia.

Kaka yako